Injini Niliyoiua kwa Kitambaa

Saa tano usiku nilikuwa bado nimekaa kwenye kigoda cha koridoni, mgongo ukutani, macho kwenye ule mstari wa mwanga chini ya mlango wa mwanangu. Mwanga ukitikisika, najua amenyanyuka. Ukitulia, najua ameketi tena. Mapajani nilikuwa na beseni la nguo zilizokauka. Nilikunja shati moja, nikalikunjua, nikalikunja tena, mpaka likawa na mikunjo kuliko lilivyotoka kwenye kamba.

Mle ndani alikuwa akisubiri jibu la waamuzi. Waamuzi wenyewe wako upande ule wa dunia ambako usiku wetu ni mchana wao, kwa hiyo jibu lisingeweza kuja saa ya watu wastaarabu. Wakimkubalia malalamiko yake, angepewa injini mpya, na Jumamosi angeruka kwenye mashindano aliyoyahangaikia miaka mitatu. Tena rafiki yake, yule anayeitwa Daftari, angefukuzwa kwenye klabu yao kwa kosa la kumharibia ndege. Wakimkatalia, Jumamosi angekaa bure.

Kitu ambacho waamuzi hawakukijua, na mwanangu hakukijua, ni kwamba Daftari hakugusa chochote. Injini ile niliiua mimi, mama mtu, kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Afadhali nieleze tangu mwanzo, maana nikiishia hapo nitaonekana nimechanganyikiwa. Injini gani, ndege gani, na nyumba yetu hata baiskeli haina?

Mtoto ninaye mmoja tu. Ana miaka ishirini na tisa, na mtaani wanamwita Waya kwa sababu ya kazi yake: anasuka mota. Mota ya pampu ya maji ikiungua, au ya feni, au ya mashine ya kusaga, wanampelekea. Anaifungua, anang'oa koili zilizoungua, anahesabu mizunguko ya ule waya wa shaba, anasuka upya, anapaka vanishi, anakausha kwenye jiko alilolitengeneza kwa pipa. Kwenye safu ile ya vibanda saba, mwanamke ni yeye peke yake. Mwanzoni wateja walikuwa wakifika wanamwuliza, "Fundi yuko wapi?" Naye anawajibu, "Ametoka, lakini ameniachia mikono." Siku hizi hawaulizi.

Baba yake alipotutoka aliacha chumba kidogo kando ya jiko, alikokuwa anaweka nyundo na makopo ya rangi. Waya akahamisha kila kitu, akaweka kiti cha mbele cha gari dogo lililopata ajali. Cherehani yangu ilikuwa imevunjika gurudumu. Akaniomba lile kanyagio la chini. Nikadhani anakwenda kulichomelea. Kumbe aliligeuza likawa linayumba kushoto na kulia chini ya miguu yake, ndiyo pedali za kukatia kona. Kompyuta aliinunua sokoni ikiwa imekufa, akaifufua mwenyewe. Kwenye mkono wa kushoto wa kiti akapachika vishikio vitatu vya bomba jembamba, kila kimoja kimevishwa kichwa cha kifuniko cha chupa: cheusi, cha buluu na chekundu. Chini yake nyaya tupu, kama utumbo.

Wenyewe wanaiita simuleta, mtambo wa kurusha ndege iliyo ndani ya kompyuta. Mimi naiita kiti.

Nilidhani ni mchezo wa watoto, wa kubonyeza na kuruka. Sivyo. Ile ni ndege ya mashindano, ya mtu mmoja, pua ndefu kama ya mbwa wa kuwinda, na walioichora hawakuacha hata msumari wa ribiti. Kuiwasha tu kuna hatua kumi na nne. Halafu haitaki haraka. Lazima uiache ingurume polepole mpaka oili ipate joto, dakika kumi, wakati mwingine kumi na tano. Ukiilazimisha ikiwa baridi, vyuma vya ndani vinatafunana. Na ina kumbukumbu, hilo ndilo lililonitisha. Ukiiumiza leo, unazima, unakwenda kulala, kesho unaikuta na jeraha lake vilevile. Waya ana ndege moja tu, ameiendesha miaka mitatu, anajua silinda ipi inakohoa asubuhi.

"Kwa nini wasiifanye ipone yenyewe?" nilimwuliza siku moja. "Si ni ya kompyuta?"

"Mama, mota ya mteja ikiungua inapona yenyewe?"

Nikachukua ndoo yangu, nikaenda zangu.

Mashindano yao ni ya kuzunguka nguzo kwenye uwanda mkavu, ndege nane kwa pamoja, chini kabisa, kimo cha nguzo ya umeme. Nilichungulia mara moja. Niliona ardhi inakimbia pembeni, nguzo inakuja, dunia nzima inalala ubavu. Shingo ya mwanangu ilikuwa imetoka mishipa na jasho linamtiririka nyuma ya sikio. Nilirudi jikoni nikashindwa hata kupima chumvi.

"Hata nikianguka, mama, naanguka kwenye kiti."

"Na moyo wako umeuambia?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa kuhesabu hatua za watu. Asipokohoa kwa saa moja nakwenda kusikiliza mlangoni kama anapumua. Ndivyo nilivyo, na darasa la saba halikunifundisha kuwa vingine.

Wifi yangu, shangazi yake Waya, yeye alikuwa na yake. Anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kila akija anaanzia mlangoni. "Mrusha kiti yupo? Kimefika wapi leo?"

Siku hiyo Waya alitoa kichwa nje. "Kimefika mbali kuliko ungo wako, shangazi."

Wifi akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akakumbuka kwamba ameitwa mchawi, akanuna hadi magharibi.

Huyo Daftari sijamwona kwa macho, wala Waya hajamwona. Anaishi mji mwingine, anauza vipuri vya baiskeli, na yeye pia ana kiti chake. Walikutana humohumo hewani. Jina amelipata kwa sababu anaandika kila kitu: joto la oili, dakika, kona, mpaka siku Waya alipopiga chafya katikati ya mzunguko wa nne. Jioni sauti yake ilikuwa inatoka kwenye spika ndogo juu ya meza, na akisikia viatu vyangu anasema, "Shikamoo mama. Uwanja uko wazi, tunaweza kutua?"

"Marahaba, baba. Tueni, lakini mpanguse miguu."

Sitadanganya kwamba sikuwa na mawazo ya mama. Mwanamume anayekumbuka chafya ya mtu hapatikani kila siku. Waya alimwamini kiasi cha kumpa ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta yake akiwa kulekule kwake, kama unavyomwachia fundi ufunguo wa nyumba, ili amrekebishie mambo ya ndege usiku akilala.

Mwaka huu wote wawili walifuzu. Waya alipita wa tatu. Daftari alipita wa nane, kwa urefu wa pua ya ndege tu. Sharti la klabu yao ni moja, na walinieleza mara nyingi: injini uliyofuzu nayo ndiyo utakayokuja nayo. Ikifa kwa uzembe wako, pole. Wanakupa nyingine ikiwa tu imeharibiwa na mtu mwingine, na kilichotokea ndani ya chumba chako kinahesabiwa ni chako.

Sasa Jumanne.

Jumatatu yake nilimsikia Daftari akisema kwamba waamuzi watataka picha ya kiti cha kila mshindani, waibandike mahali ambapo watu wa nchi zote wataona. Mimi nikapata moto. Watu wa nchi zote! Na lile vumbi la shaba, na alama za vidole vya vanishi, na kikombe cha chai cha juzi kimeota ngozi. Watasema huyu hana mama.

Kazi yangu mimi ni usafi wa maofisi. Ghorofa ya pili, meza ishirini na mbili. Nina miaka kumi na minne nafuta meza zile na nina mtindo wangu: kila kitu nakiacha kwenye mstari. Kalamu na kalamu, faili na faili, stepla imetazama mbele. Mkubwa wa pale aliwahi kusema anajua nimepita hata kabla hajasikia harufu ya sabuni.

Jumanne nilirudi saa kumi na mbili kasoro. Waya alikuwa getini na mteja aliyeleta pampu, wanabishana kwamba imeungua au imeingia maji. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Miaka mitatu sikuwahi kugusa kitu mle; nilikiogopa kile kiti kama mbwa asiyefungwa. Lakini picha ilikuwa keshoye. Nikaingia na kitambaa.

Nilifuta kioo. Nilifuta mgongo wa kiti. Hedifoni zilikuwa zimelala kwenye kiti zinavuma kidogo, kama nyuki ndani ya chupa. Nikasema hiyo ni tabia yake. Kwenye kioo mishale midogo ilikuwa inatetemeka, nayo sikuijua. Kisha nikafika kwenye vile vishikio vitatu. Kimoja kilikuwa nyuma kabisa, kingine mbele kabisa, cha tatu hapa katikati, kama meno ya bibi. Nikavifuta kichwa kimoja kimoja mpaka vikang'aa, halafu nikavisukuma vyote mbele, mstari mmoja, vizuri.

Nikachukua kikombe, nikatoka. Nilikuwa nimefurahi, hilo ndilo linaloniuma.

Nilikuwa nasugua kikombe niliposikia Waya anaingia, halafu sauti moja tu, "Hapana!", halafu vishindo. Nilipofika mlangoni alikuwa amesimama juu ya kiti kwa goti moja, mkono wake umeshavuta kila kitu nyuma. Mafundi ndivyo walivyo, mkono unazima kabla ya kichwa kuuliza. Kwenye kioo pangaboi la ndege lilikuwa limesimama na moshi mweupe unatoka puani.

"Oili ilikuwa bado baridi," akasema. "Niliiacha inapata joto. Nani ameipa gesi yote?" Akageuka. "Mama, uliingia humu?"

Siwezi kusema kwamba nilijua. Sikujua. Lakini niliuona uso wake, na mdomo wangu ukakimbia mbele yangu.

"Niliingia kuchukua kikombe."

Ni kweli, nilichukua kikombe.

Akaamini. Kwa nini asiamini? Akakaa, akafungua kurasa na kurasa, akakuta oili imejaa vumbi la chuma, vyuma vya ndani vimekwisha. Akakuta pia kwamba Daftari alikuwa ameingia kwenye kompyuta yake nusu saa kabla. Akampigia.

"Uligusa nini?" Sikusikia jibu. "Usinidanganye. Gesi haijipandishi yenyewe. Wewe wa nane, mimi wa tatu, unadhani sijui kuhesabu?" Kisha, "Basi. Tutaonana kwa waamuzi."

Usiku uleule akaandika malalamiko.

Nilielewa Jumatano, kazini. Nilikuwa kwenye meza ya kumi na moja, nafikiria mambo yangu, nikautazama mkono wangu unasukuma stepla mbele mpaka iwe sawa na mkasi. Ukabaki umeishika. Niliacha ndoo pale katikati ya njia, nikaenda kusimama chooni, nikanawa mikono, nikatoka, nikarudi kunawa tena.

Nikisema, Waya anakosa mashindano, maana chumba ni chake na mama ni wake. Nisiposema, anaruka, na kijana wa watu anapakwa matope mbele ya nchi zote. Nilizunguka na hilo siku nzima. Nilipanda ngazi bila sababu, nikashuka. Jioni sikuweza kwenda nyumbani moja kwa moja, nikapitia kwa wifi.

Alinisikiliza huku anachambua mchele. Nilipomaliza akasukuma ungo pembeni.

"Na nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi hajui mtu. Nyamaza."

"Wifi, yule kijana hakufanya kitu."

"Kijana gani? Una picha yake? Unamjua baba yake? Wewe unalilia sauti ya kwenye boksi, mwanao mwenyewe yuko ndani anakonda."

"Si wewe uliyekuwa unamcheka anarusha kiti?"

"Namcheka, ndiyo. Namcheka kwa sababu ni wangu. Nikisikia wa nje anamcheka, namng'oa meno." Akauvuta ungo wake tena. "Mtoto unaye mmoja. Ukweli wako utamvalisha? Funga mdomo, Jumamosi ipite."

Nilitoka pale nimefunga mdomo. Nilifunga Jumatano, nikafunga Alhamisi mchana kutwa. Waya hakuwa anakula. Alikuwa anarudi kutoka kibandani, ananawa vanishi mpaka viwikoni, anaingia mle ndani na kufunga. Ile spika ya mezani ilikuwa kimya, na mimi nilikuwa nakanyaga koridoni kwa kishindo, najua hakuna atakayeniamkia.

Ndivyo nilivyojikuta kwenye kigoda na shati langu, usiku ule wa Alhamisi.

Simu yangu ilitetemeka mfukoni. Nikaenda nayo jikoni, nikafunga mlango.

"Shikamoo mama." Daftari alikuwa na namba yangu tangu mwaka juzi Waya alipougua homa, akawa anapiga kuuliza hali. "Samahani kwa saa hizi. Najua mko macho."

"Marahaba, baba. Tuko macho."

"Hapokei simu yangu. Nimepiga mara kumi na moja." Hata hizo alihesabu. "Mimi sitaki umwambie mengi. Waamuzi wakinitoa, nitatoka. Mwambie tu sikugusa. Nilipoingia siku ile nilikuwa namwekea namba za upepo, nikatoka. Nimeandika na dakika."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa sinki.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

"Wewe unaniamini?"

Nilisema, "Ngoja," kama mtu anayekwenda kuchota kitu, nikakata simu, nikarudi koridoni. Nikasukuma beseni kwa mguu, nikagonga.

"Waya."

"Sitaki chai, mama."

"Sijaleta chai. Fungua."

"Nasubiri jibu. Nenda kalale."

"Basi nisikilize hukohuko. Jumanne niliingia."

"Najua. Ulichukua kikombe."

"Nilichukua kikombe, na nilifuta vumbi."

Kiti kikalia mle ndani. Mwanga chini ya mlango ukakatika mahali pawili, ilikuwa miguu yake.

"Ulifuta wapi?"

"Pote. Kioo, kiti. Na vile vishikio."

"Ulivisogeza?"

"Vilikuwa vimeachana. Nikavipanga mstari mmoja."

"Nyuma au mbele?"

"Mbele."

"Vyote vitatu?"

"Vyote vitatu, mwanangu."

Nilikuwa nimeweka kiganja mlangoni na nadhani na yeye alikuwa karibu hivyohivyo, maana niliposikia sauti yake tena ilikuwa hapohapo usoni pangu.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza, mama, ukaniambia kikombe. Unajua nimeandika nini kwa wale watu? Nimeandika jina lake lote. Nimeandika kwamba mtu huyu haaminiki."

"Andika langu."

"Wewe si mwanachama!" Ilimtoka kwa ghadhabu. Siku nyingine tungecheka.

Na papo hapo, mle ndani, kompyuta ikalia, ting. Tuliisikia wote wawili. Miguu ikaondoka mlangoni. Nikasubiri. Nilimsikia anasoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. "Malalamiko yamekubaliwa. Injini mpya imeruhusiwa. Mshindani namba nane ameondolewa, uanachama wake umesimamishwa."

Akaisoma tena tangu mwanzo.

Kwa hiyo jibu lilikuwa limekuja na lilikuwa zuri. Waamuzi walikuwa wameshasema, na wifi tu ndiye aliyejua, na mimi, na sasa yeye. Nilijua angeweza kuzima taa, akalala, Jumamosi akaruka. Nilimlea mimi, lakini kusema kweli sikujua atafanya nini. Nilisimama pale nikisikiliza, miguu inataka kwenda, haina pa kwenda. Halafu nikasikia vidole vinaanza kugonga vibonyezo. Viligonga, vikasita, vikagonga tena, muda mrefu sana. Mwanga ukazimika. Mlango haukufunguliwa.

Ijumaa aliondoka kabla sijaamka, na mimi huamka saa kumi na moja. Jioni alirudi na waya wa shaba mabegani kama mzigo wa kuni. Alikula amesimama. Aliniambia akiangalia sahani.

"Nimejiondoa. Nimewaandikia yote, wamemrudisha namba nane."

"Na yeye?"

"Hapokei." Akatafuna. "Yeye alipiga mara kumi na moja. Mimi nimefika tisa."

"Labda nikimpigia mimi, nimweleze..."

"Mama." Aliinua mkono, wenye alama ya kuungua kwa lile jiko lake la pipa. "Hili usilipange."

Akaingia chumbani kwake akafunga, na komeo nikalisikia.

Jumamosi sikuwa na kazi, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilifua vilivyofuliwa. Nilihamisha kabati, nikalirudisha. Wifi alikuja mpaka mlangoni, akaniangalia usoni, akasema, "Umesema," nikasema, "Nimesema," akasonya kwa kirefu akarudi kwake. Baada ya nusu saa akatuma bakuli la maharage, la watu wawili. Mlango wa Waya haukufunguka kutwa. Mashindano yalikuwa saa kumi alasiri. Ilipofika tisa na nusu nilikaa kwenye kigoda changu, bila beseni safari hii, mikono imelala tu magotini kama ya mtu anayesubiri kuitwa hospitali.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili simu ikalia mle ndani. Ikalia mara tatu.

"Haloo." Akasikiliza. "Ndiyo." Kisha, "Nilipaswa kukuuliza kwanza, nikakuhukumu kwanza. Sina la kuongeza... Hapana, sikukupigia ili unisamehe sasa hivi, una mbio... Nani anakusomea geji?"

Hilo nililijua. Mshindani anaruhusiwa mtu mmoja wa kumwangalizia mishale, ili macho yake yabaki kwenye nguzo.

"Huna mtu?" Sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kibandani. "Utapitaje kona ya pili na macho mawili? Nifungulie. Usiniambie kitu kingine, nifungulie tu nione mishale yako."

Kiti kikalia. Vibonyezo. Kisha ile spika ya mezani, iliyokuwa kimya tangu Jumanne, ikapumua. Sikuyasikia maneno yake, nilisikia tu sauti nzito, fupifupi, ya mtu aliyeumizwa ambaye hata hivyo ana shughuli.

"Oili thelathini na tano," Waya akasema. "Bado. Usiiguse. Thelathini na nane. Bado. Arobaini, haya, ipe gesi taratibu."

Nikasimama. Nikakaa.

"Mko hewani. Silinda ya nne inapanda. Acha ipande. Sasa punguza. Punguza, wewe! Hivyo. Nguzo ya pili, lala, lala, lala... umepita. Sasa wewe wa sita. Usimfukuze huyo, mwache ajichemshe mwenyewe. Nimekwambia usimfukuze!"

Ile sauti nzito ikasema kitu kirefu kidogo. Na mwanangu akacheka, kicheko kifupi cha puani, kama kilichomponyoka, akakirudisha.

Mzunguko wa tatu ulipita, wa nne. Mimi nilikuwa nimeshika magoti yangu kana kwamba ndiyo yanayoruka. Hakuwa ndani ya ndege. Hakuwa hata mshindani. Na bado nilikuwa naogopa zile nguzo.

"Mmesimamishwa?" nikamsikia. "Kwa nini? Nani ameanguka? Sawa. Wanaondoa mabaki, dakika nne. Ipoze. Usizime, ipoze tu. Narudi."

Komeo likavutwa.

Mlango ulifunguka, joto la chumba likanipiga usoni. Waya alisimama pale, hedifoni shingoni, waya wake umemfuata kutoka mezani na kukazika. Macho mekundu. Aliniangalia kwanza usoni, kisha mikononi, kisha usoni tena.

"Maji ya kunywa, mama."

Nilikimbia jikoni, nikajaza gilasi mpaka ikamwagikia vidoleni. Niliporudi sikumkuta mlangoni. Alikuwa ameshaketi kwenye kiti, amenipa mgongo, ameelekea kioo chenye moshi na nguzo. Meza ya kuwekea gilasi iko upande ule wa kushoto, baada ya vile vishikio vitatu. Mlango alikuwa ameuacha wazi mpaka ukutani.

Nikaingia, nimeishika ile gilasi kwa mikono yote miwili.